Popo wa Annobón: nususpishi kweli, au ni hawa hawa wa kwetu?

Mti Mkubwa (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Dar kuna miti mikubwa iliyojaa popo. Mchana wananing'inia wakigombana, na jua likiwa kali wanajipepea kwa mabawa. Giza likianza kuingia wanatoka wote, na kwa muda huoni mwisho wa msururu. Ni wale wenye shingo ya rangi ya majani makavu, kitaalamu Eidolon helvum. Nimewapenda, ndiyo maana nikaanza kuwasoma.

Sasa nimekutana na jambo lililonikosesha usingizi. Kuna kisiwa kinaitwa Annobón, nchi ya Guinea ya Ikweta, upande wa pili kabisa wa Afrika. Nako wako popo hawa hawa. Mwaka 2000 watafiti Juste, Ibáñez na Machordom waliwatenga wakawapa jina la tatu: Eidolon helvum annobonensis. Yaani nususpishi mpya, kundi dogo lenye jina lake ndani ya spishi moja. Sababu kubwa ni kwamba ni wadogo kuliko wa bara.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, udogo unatosha? Ukoo wetu tuna warefu na wafupi na sote ni wa babu mmoja. Pili, mtafiti anafanya nini hasa mpaka mnyama aongezewe jina? Dai langu, na mnisahihishe kama nimekosea: majina haya yanagawiwa kirahisi mno.

Nawasilisha.

Kigasha

Mti Mkubwa, karibu kwenye ulimwengu wa popo. Mimi niliwahi kuwa msaidizi wa watafiti kwa miezi kadhaa, kazi yangu ilikuwa kushika na kupima. Nakueleza nilichokifanya kwa mikono yangu.

Popo akinasa wavuni usiku unamtoa ukiwa umevaa glavu za ngozi nene, maana meno ya huyu bwana yanapenya glavu nyembamba kama sindano. Unamtia kwenye mfuko wa kitambaa, anatulia. Unampima uzito akiwa humo humo, kisha unatoa uzito wa mfuko. Baada ya hapo unakunja bawa, unaweka kalipa (kile kifaa cha kupimia urefu kwa milimita) kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Hicho ndicho kigasha (jina langu la humu limetoka hapo). Watu wa popo wanakiamini kuliko kipimo kingine, kwa sababu mfupa haudanganyi. Uzito unapanda na kushuka usiku mmoja, kutegemea ameshiba embe ngapi. Popo wa bara wengi kigasha chao ni kati ya sentimita 11 na 13.

Ila kabla hujaandika namba yoyote, unalitandaza bawa na kumulika tochi kutokea nyuma. Unatazama vifundo vya vidole. Akiwa bado mtoto, karibu na kifundo unaona mstari mweupe unaopitisha mwanga, ile ni gegedu haijawa mfupa. Akiwa mkubwa kifundo kinakuwa kama fundo la kamba, kimejaa, hakipitishi mwanga. Usiku wa kwanza niliruka hatua hiyo, nikaandika watoto saba kama watu wazima. Daftari lote la usiku ule likafutwa.

Kwa hiyo udogo unaozungumzwa ni udogo wa watu wazima, dume kwa dume na jike kwa jike, wengi si mmoja. Mfano wako wa ukoo hauingii hapo. Ndani ya ukoo mmoja warefu na wafupi wamechanganyika. Swali ni kama ukoo mzima wa kijiji kimoja ni wafupi na wa kijiji kingine wote ni warefu.

Mwalimu wa Zamu

Kigasha umenena. Niongeze kidogo, mimi ni mwalimu wa baiolojia.

Spishi ikigawanyika kijiografia, na kila upande ukawa na alama zake za mwili, lakini bado wangeweza kuzaana wakikutana, basi kila upande unaweza kuitwa nususpishi. Alama hizo ziwe nyingi kiasi gani? Kuna kanuni ya zamani, Amadon aliiandika mwaka 1949: angalau asilimia 75 ya wanyama wa kundi moja waweze kutofautishwa na karibu wote wa kundi lingine. Kwa maneno ya darasani, nikikufumba macho nikakupa popo kumi wa Annobón, saba au wanane uweze kusema hawa si wa bara.

Angalia hapo, mwanzisha uzi. Si lazima wote. Ndiyo maana watu wanabishana juu ya nususpishi kuliko spishi.

Mpita Njia

Kwa hiyo asilimia 25 wanabaki hawana kwao 😀 Naweka kambi hapa.

Ssalongo wa Bombo Road

Salamu kutoka Kampala. Nyinyi Dar mnaringa na miti mitatu, sisi tulikuwa na Bat Valley nzima katikati ya jiji. Popo walewale. Nilipokuwa mtoto anga lilikuwa jeusi jioni, na mama alikuwa anatukataza kuanika nguo upande ule.

Mimi naunga mkono Mti Mkubwa. Huyu popo hana kwao. Leo yuko Kampala, mwezi ujao hayupo, halafu anarudi. Kule Kasanka, Zambia, wanakusanyika kwa mamilioni kuanzia Oktoba mpaka Desemba kisha wanapotea. Mnyama anayesafiri zaidi ya kilomita elfu moja anashindwaje kwenda kisiwani? Annobón si iko pale karibu na Bioko, jirani na Cameroon?

Nahodha Msaafu

Ssalongo, hapo umechanganya. Bioko ndiyo iko karibu na Cameroon, kama kilomita 32 tu. Annobón iko mbali kusini, hata São Tomé unaipita. Kutoka pwani ya Gabon ni kama kilomita 350 za maji matupu. Chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 17 hivi, mlima wa volkano umechomoza baharini. Nimefanya kazi melini miaka mingi upande ule. Kwa mbali kinaonekana kama wingu limesimama. Jina lenyewe ni la Wareno, Ano Bom, yaani Mwaka Mwema, kwa sababu walikiona siku ya mwaka mpya.

Halafu Bioko zamani iliungana na bara. Bahari ilipokuwa chini wakati wa barafu kuu, ungetembea kwa miguu. Annobón haikuwahi kuungana na chochote. Ilitoka chini ya bahari ikiwa peke yake.

Ssalongo wa Bombo Road

Asante kwa marekebisho. Sasa ndiyo naona ramani. Lakini kilomita 350 kwa popo wa kusafiri ni usiku mmoja au miwili.

Fundi Mifupa

Ssalongo, hoja yako imeshajaribiwa, na majibu yake ni mazuri. Mwaka 2013 ilitoka kazi kubwa iliyoongozwa na Alison Peel, walichukua vinasaba vya popo hawa kutoka nchi nyingi, Tanzania na Uganda zikiwemo. Walichokikuta: popo wa bara zima wanachanganyika kana kwamba ni kundi moja. Wa Ghana na wa Dar damu moja. Popo wa Bioko nao wamo humo humo. Lakini wa visiwa vya Príncipe na São Tomé wanaanza kutofautiana na bara, na Annobón wametengana kuliko wote.

Kwa hiyo Ssalongo uko sahihi kuhusu bara na umekosea kuhusu Annobón, mambo yote mawili katika utafiti mmoja.

Nirudi kwenye swali la pili la Mti Mkubwa, jinsi jina linavyotolewa, kwa sababu nimefanya kazi kwenye stoo ya makumbusho na hapa ndipo ninapopajua.

Majina ya wanyama yana kanuni zake za kimataifa. Toleo la nne lilitoka 1999, likaanza kutumika 1 Januari 2000, yaani mwaka ule ule alipopewa jina popo wa Annobón. Kwa kanuni hizo huwezi kutoa jina kwa kupenda tu. Lazima jina lichapishwe mahali panapokubalika. Useme wazi kwamba ni jipya. Ueleze alama zinazomtofautisha. Na lazima utaje mnyama anayelibeba jina, kwa kawaida mmoja tu, anayeitwa holotaipu, na useme ametunzwa wapi.

Huyo mmoja ndiye roho ya jambo lote. Ukifungua droo utaona popo wamelazwa kwa safu, kila mmoja ana kikaratasi kimefungwa mguuni kwa uzi: mahali, tarehe, jinsia, aliyemkamata, vipimo. Fuvu liko pembeni kwenye kichupa na namba ile ile. Holotaipu mara nyingi anawekewa kikaratasi chekundu. Miaka mia ikipita, mtu akibisha, hasomi maneno yako. Anakwenda kumtazama yeye.

Mahali nilipokuwa (sitapataja) kulikuwa na sanduku la popo wa visiwani ambao vikaratasi vyao vililiwa na wadudu. Ngozi nzima, mafuvu mazima, wino hakuna. Hawafai kwa lolote. Nilikaa na lile sanduku mchana mzima nikijaribu kusoma herufi kwa kioo cha kukuzia, nikapata neno moja tu, "kisiwani". Mpaka leo linaniuma.

Mpita Njia

Kwa hiyo nikitangaza hapa kwenye uzi kwamba popo wa kwetu Bagamoyo ni Eidolon helvum bagamoyensis, haihesabiki?

Fundi Mifupa

Haihesabiki. Hata tasnifu ya chuo iliyokaa maktabani bila kuchapishwa haitoshi. Na machapisho ya mtandaoni peke yake yanakubalika tangu 2012, lakini kazi iwe imeandikishwa kwenye rejista ya ZooBank.

Mama Mbuzi

Jamani nimesoma yote, nashukuru. Mimi ni mfugaji, naomba niulize jambo la mfugaji.

Nilikuwa na mbuzi kwenye eneo kavu, malisho ya shida. Walikuwa vijitu vidogo. Watu waliniambia mbegu yangu mbovu. Nikahama nikapata malisho mazuri, mabeberu na majike wale wale, sikununua mwingine. Waliozaliwa huko wakawa wakubwa kuliko mama zao, mpaka jirani akaniuliza nimetoa wapi dume jipya. Mbegu ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni chakula.

Sasa popo wa kisiwa cha kilomita 17 watakula nini? Miti ya matunda mingapi? Nani amehakikisha kwamba si njaa tu?

Kigasha

Mama Mbuzi, hili ni swali bora kuliko yote tangu uzi uanze.

Dhana yangu mimi ni tofauti. Popo wa bara anahitaji bawa refu kwa sababu anafuata matunda nchi kwa nchi. Wa Annobón haendi popote, mti wake uko pale pale mwaka mzima. Bawa refu kwake ni gharama bure. Wenye mabawa mafupi wanaishi vizuri tu, vizazi vikipita kigasha kinapungua. Hiyo itakuwa imo kwenye damu, si njaa.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nasimama upande wa bahati. Kisiwa kile hakikufikiwa na popo elfu kumi kwa mpigo. Labda walipeperushwa na upepo wachache, kumi au ishirini. Kama katika hao wachache wengi walikuwa wadogo kwa nasibu tu, basi watoto wote wa kisiwa wamerithi udogo wa wale mababu. Ni kama kijiji kilichoanzishwa na ndugu watatu wenye mapengo, kijiji kizima kinakuwa na mapengo. Hakuna njaa wala faida ya bawa fupi.

Mama Mbuzi

Mwalimu, na hao ndugu watatu wakioana wenyewe kwa wenyewe kizazi hadi kizazi, wanaweza kuwa wadogo kwa hilo tu. Kwenye mbuzi tunaliona. Dume moja likikaa kundini muda mrefu bila kubadilishwa, wanaanza kuzaliwa wadogo na dhaifu. Hiyo ni ya nne.

Fundi Mifupa

Na wala hazipingani. Chakula, bawa, bahati, kuoana ndani. Zote zinaweza kufanya kazi mahali pamoja. Ila kumbukeni kwamba watafiti wa 2000 hawakupima mwili tu. Walitazama pia protini za mwili zinazotengenezwa na vinasaba, zile unazozivusha kwenye jeli kwa umeme ukaona zinatofautiana mwendo. Na mwaka 2013 vinasaba vyenyewe vikasomwa. Kwa hiyo hoja ya njaa peke yake haimalizi kazi. Njaa inapunguza kigasha, haibadilishi vinasaba.

Mama Mbuzi

Nakubali wametengana kwa damu. Sijakubali kwamba udogo umetokana na huko kutengana. Hayo mawili mnayaunganisha haraka. Mpaka mtoto wa Annobón alelewe bara kwa matunda ya bara akapimwa akiwa mkubwa, mimi nitabaki na mbuzi wangu.

Mti Mkubwa

Nafuatilia kwa makini sana. Swali dogo: kama São Tomé na Príncipe nao wametofautiana na bara, mbona wao hawakupewa jina?

Kigasha

Hapo ndipo penye mstari wa mkono wa mwanadamu. Tofauti ni ngazi, hatua kwa hatua: Bioko hakuna, Príncipe na São Tomé kidogo, Annobón zaidi. Mahali pa kukata ngazi ukasema "kuanzia hapa ni jina jipya" anachagua mtafiti na kutoa sababu zake. Mwingine angekata juu zaidi, mwingine asingekata.

Kaka wa Jeddah

Assalaam alaykum. Niko Saudia miaka kumi sasa. Mnajua popo huyu yuko hata huku Arabuni? Upande wa Yemen na kusini-magharibi mwa Saudia. Hao nao wana jina lao la tatu, sabaeum, alilitoa Knud Andersen mwaka 1907, kutokana na nchi ya Saba. Kwa hiyo wa Dar ni Eidolon helvum helvum, jina la pili linarudiwa kwa sababu ndio waliotangulia kutajwa, na Kerr mwaka 1792.

Mpemba Halisi

Nyote mnasifia popo wa Guinea, na sisi tuna wetu hapa nyumbani. Njooni Pemba, Kidike, muone popo wakubwa kweli. Huyo si Eidolon, ni Pteropus voeltzkowi, duniani yuko Pemba tu. Bawa mpaka bawa ni kama mita moja na nusu. Matschie wa Berlin ndiye aliyemtaja mwaka 1909, kwa heshima ya Voeltzkow aliyezunguka huku 1903 mpaka 1905, na sampuli ya kwanza ilitoka Fufuni.

Sisi tulipokuwa wadogo popo alikuwa kitoweo, watu walikuwa wanawapiga bunduki mitini. Miaka ya mwanzo ya 1990 walikuwa wamebaki wachache sana. Ndipo likaja shirika la Fauna & Flora International likishirikiana na idara yetu ya misitu, vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda. Sasa wako maelfu. Mjomba wangu aliyekuwa mpigaji ndiye leo anawafukuza watoto wenye manati.

Mpita Njia

Mpemba, popo mkubwa hivyo na lile jini Popobawa ana undugu gani? 😀

Mpemba Halisi

Mpita Njia nilikuwa nakusubiri. Ile hofu ya 1995 mimi niliiona, watu walilala nje ya nyumba makundi kwa makundi. Haihusiani na hawa viumbe. Tafadhali tusiwabebeshe, maana mtoto akisikia hivyo anaokota jiwe.

Mwanachole

Mimi ni wa Mafia. Kisiwani Chole tunao Pteropus pia, lakini si wa Pemba. Wetu ni wale wa Komoro, wataalamu wanawaita Pteropus seychellensis comorensis. Nususpishi nayo! Wenzao wa Shelisheli ni seychellensis seychellensis.

Jioni wakitoka mitini wanashuka mpaka juu ya maji ya bahari, wanagusa kifua majini wakiwa wanaruka, wanapanda. Unasikia tu "shwaa", kisha manyoya yanang'aa kwa machweo. Marehemu bibi alikuwa anasema wanatia udhu. Mgeni mmoja akaniambia wanaondoa kupe. Mimi sijui, lakini nimewatazama utoto wangu wote na sijachoka.

Mpaka leo kuna jambo halijanikaa sawa. Mafia na mdomo wa Rufiji ni kama kilomita 20. Komoro ni zaidi ya kilomita 500. Kwa nini popo wetu wana ndugu Komoro na hawako ng'ambo Rufiji?

Nahodha Msaafu

Na Mafia iliungana na bara wakati ule bahari iko chini, kama Unguja. Ni Pemba tu ndiyo yenye mlango wa bahari wenye kina kikubwa. Kwa hiyo swali lako lina uzito zaidi.

Mwalimu wa Zamu

Hili ni fumbo kongwe. Pteropus wameenea kutoka visiwa vya Pasifiki, Asia, Madagaska, Komoro, mpaka Mafia na Pemba. Bara la Afrika, hakuna hata mmoja. Wengine wanasema nafasi yao ilishachukuliwa na Eidolon, hawa hawa wa Mti Mkubwa. Wengine wanasema bara kuna nyani, fungo, chatu, tai. Popo anayelala wazi mtini mchana hawezi kuishi.

Ssalongo wa Bombo Road

Lakini Eidolon naye analala wazi mtini, na anaishi na hao nyani na chatu. Na Asia kuna chatu tele. Hoja ya pili imekufa.

Mwalimu wa Zamu

Haijafa, imejeruhiwa. Eidolon wanakaa kwa maelfu, wengine wanaingia mijini kabisa. Labda wingi ndio ngao yao.

Mwana wa Ngazidja

Mabruki kwa uzi mzuri. Mwanachole, ndugu zako tuko hapa. Kwetu comorensis wako visiwa vyote vinne, na Nzuani na Mwali kuna mwingine mweusi mkubwa, Pteropus livingstonii, anayekaa misitu ya mlimani.

Nataka kumjibu mwanzisha uzi kwa mfano wa kwetu. Mwaka 1959 Harrison alitaja popo mdogo wa mapangoni kutoka Ngazidja akamwita Miniopterus minor griveaudi. Nususpishi ya minor, ambaye yeye alitajwa na Peters mwaka 1867 kutoka pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar. Karibu miaka 50 jina la tatu lilikaa kimya. Vinasaba vilipokuja kusomwa, ikaonekana si mtoto wa minor hata kidogo, ni spishi kamili: Miniopterus griveaudi. Kazi zilitoka 2008 na 2009. Na zikaonyesha kwamba yuko na Madagaska pia. Juu ya hayo, pale Nzuani akapatikana mwingine, aelleni, aliyekuwa amejificha ndani ya jina moja kwa sababu sura zinafanana.

Kama Harrison asingempa jina mwaka ule kwa kuona ni tofauti ndogo, nani angejua wapi pa kuanzia kuchimba?

Fundi Mifupa

Mfano safi kabisa. Na Harrison hakupoteza haki yake. Nususpishi ikipandishwa kuwa spishi, jina la mtoaji na mwaka wake vinabaki. Inaandikwa Harrison, 1959 mpaka kesho.

Mkaazi wa Michenzani

Lakini kuna upande wa pili. Chui wetu wa Unguja, Pocock alimpa jina adersi mwaka 1932, kwa kuwa mdogo na madoa yake kukaribiana. Mwaka 2017 wataalamu wa paka wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, wakawaweka chui wote wa Afrika jina moja. Kwa mujibu wa orodha hiyo, chui wa Unguja hayupo tena kama jina. Tulishawaua wengi kwa kuwaita wachawi, sasa na jina likaondoka. Miye hilo linanisikitisha. Mnyama akiwa na jina lake watu wanauliza habari zake. Akiwa "chui tu", wanasema chui wako wengi bara.

Kigasha

Michenzani naelewa uchungu wako, ila jina lisitolewe kwa huruma. Likitolewa hivyo, siku likianguka linaanguka na hifadhi yenyewe.

Mkaazi wa Michenzani

Na lisiondolewe kwa haraka. Chui wa kisiwani akiisha, wa Serengeti hatavuka bahari kuja kuziba nafasi. Hilo halihitaji vinasaba.

Mtu wa Bukavu

Bonjour ndugu zangu. Huku kwetu mlima Kahuzi, mashariki mwa Kongo, walitaja popo mwenye pua ya kiatu cha farasi mwaka 2013, Rhinolophus kahuzi. Si kisiwa cha maji, lakini mlima nao ni kisiwa, maana chini ni joto na watu, juu ni baridi na msitu. Mnyama wa juu hawezi kushuka. Kwa hiyo musitafute visiwa baharini tu.

Daktari wa Mifugo

Nimechelewa. Nipite na jambo la afya kidogo, kwa sababu naona watu wanatamani kupima popo.

Annobón ina umuhimu mwingine. Mwaka 2012 Peel na wenzake walichapisha kwamba popo wa kisiwa kile, wachache na waliotengwa hivyo, wana kingamwili za virusi vya jamii ya henipa (virusi vya popo, ambavyo baadhi huambukiza watu). Ilishangaza, kwa sababu virusi vya namna hii vilidhaniwa vinahitaji kundi kubwa ili visife. Kwa hiyo kujua kama wametengana kweli na bara ni jambo la afya pia.

Eidolon ndiye pia aliyetolewa kirusi cha Lagos, ndugu wa kichaa cha mbwa, mwaka 1956. Haimaanishi muwachome moto mitini. Wanabeba mbegu za miti na kuchavusha maua. Maana yake: usimshike kwa mkono mtupu, aliye hai wala aliyekufa. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaombe chanjo.

Mti Mkubwa

Daktari umekuja kwa wakati. Leo asubuhi nimemkuta mmoja amekufa chini ya mti. Sijamgusa. Nimeweka rula sakafuni kando yake nikampiga picha kutoka juu, kisha nikamgeuza kwa koleo. Bawa lilikuwa limefunguka upande mmoja. Mdomoni ana ute wa njano wa tunda, na kucha ya kidole gumba imekwama kwenye kijiti, nadhani alianguka na tawi. Kwa rula yangu kigasha ni kama milimita 118. Manyoya ya shingo ni kama nyasi za paa, si njano kama picha za vitabuni.

Naondoa neno "kirahisi mno" nililoandika juu. Ila bado sijui nimfuate nani kati ya Mama Mbuzi na Kigasha.

Kigasha

118 kwa rula si sawa na 118 kwa kalipa, toa au ongeza mbili. Vifundo vya vidole ulivitazama? Kama una tochi na hujamfukia, mulika kutokea chini ya bawa, mbali naye, utuambie kama kuna mstari mweupe.

Mama Mbuzi

Na utuambie miti ya matunda iliyo karibu nawe ni ipi, na mwaka huu imezaa au la.

Mti Mkubwa

Mwembe mmoja na mikungu miwili. Mwembe haukuzaa. Tochi naitafuta.